Jelatini Niliyonunua Mimi

Nianze na ubaya wenyewe, nisije nikauzungushia maua. Nilijua. Yaliyofuata mtu anaweza kuyaita bahati mbaya, lakini mimi nilisoma pakiti, nikaelewa, nikalipa, nikatoka dukani.

Mwaka jana Madamu mmoja, mchoraji, alifungua ateliye, karakana ya sanaa, kwenye gereji ya nyumba yake Mutanga Sud, hapa Bujumbura. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anafundisha wanafunzi kuchapa picha kwa mkono. Tulikuwa kumi. Wa shule yetu tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu, na kijana mmoja mrefu ambaye kila kitu kwake ni kichekesho. Mimi ninatoka Carama. Wazazi wangu ni watu wa Uvira, walivuka mpaka nikiwa mgongoni. Rafiki yangu anatoka Kibenga. Mababu zake ni Waarabu wa Omani, na duka lao la vitambaa liko mjini tangu zamani. Tulikaa benchi moja darasani miaka miwili. Yeye alikuwa anasema maneno ya watu wawili, mimi nasikiliza kwa masikio ya watu wawili, mizani ikawa sawa.

Chapa aliyotufundisha Madamu ni ya aina moja, lakini ina njia nyingi. Unapaka rangi juu ya kitu kisichonyonya, kama kioo. Unaisambaza kwa rola mpaka isikike inanata, inalia tss tss. Halafu unachora ndani yake kwa kijiti, au unafuta kwa kitambaa, au unatandika majani na nyuzi. Unalaza karatasi juu, unasugua mgongo wake kwa kiganja, unavuta. Picha inatoka mara moja tu. Ukiweka karatasi ya pili unapata mabaki yake, rangi hafifu kama ya mtu aliyeugua. Madamu aliyaita mzimu.

"Moja tu," alisema. "Imeharibika, imeharibika. Hakuna kulia hapa."

Chapa yangu ya kwanza ilitoka tope tupu kwa sababu nilijaza rangi. Ya pili nilichora nyumba yetu, ikatoka imegeuka, mlango wetu umehamia kwa jirani. Ya tatu ilipasuka. Sikujali. Nilipenda ile sauti ya karatasi ikiachana na kioo. Nilipenda pia kwamba kazi haihitaji mtu aseme.

Kumbe ilihitaji. Jumamosi ya nne Madamu aliagiza kila mtu asimame aeleze picha yake. Zamu yangu ikafika. Nilisimama na karatasi mkononi, maneno yamepangika vizuri kichwani, yakafika kooni yakakwama.

"Ni..." nikasema. "Ni... ni..."

Madamu alingoja. Wote walingoja. Nikakaa.

Wakati wa mapumziko rafiki yangu alisimama katikati ya gereji. Akaingiza shingo mabegani, akavuta mkono wa blauzi kwa vidole viwili, kama ninavyofanya kweli, akasema kwa sauti ya mbuzi: "Ni... ni... nii." Walicheka mpaka yule mrefu akaangukia ndoo ya maji machafu. Na rafiki yangu mwenyewe alicheka, huku ananitazama kana kwamba ananingoja nijiunge. Alipoona sicheki akaja kunikumbatia mbele yao.

"We! Si unajua nakupenda? Bubu wangu huyu."

Basi, tangu siku hiyo nikawa Bubu. Bubu lete rola. Bubu umekula? Mpaka shuleni kijana mrefu akalipeleka jina, likaenea kama chawa. Rafiki yangu hakuona ubaya. Alinibandika jina kama mtu anavyompa mwenzake pipi, akasahau.

Ningeweza kumwambia kwamba ameniumiza. Kwake ningeweza, kwa sababu nyumba yao ndiyo ilikuwa mahali pekee nje ya kwetu nilipokuwa ninasema. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya bibi yake. Bibi alikuwa hangoji nimalize sentensi. Alinikatiza, akanijibu nisichouliza, akanisukumia sahani, na katikati ya fujo hiyo nikajikuta ninapiga domo kama kasuku. Nilikuwa ninaingia kwao bila kubisha. Bibi aliniita mwanangu. Kitu hicho ndicho nilichokuwa nacho mjini Bujumbura, na nilijua thamani yake. Hapo ndipo pabaya zaidi.

Wiki iliyofuata Madamu alituonyesha njia nyingine. Kioo ni kigumu, alisema, hakikumbuki vitu vidogo. Jelatini, ile wanayogandishia keki na vitamutamu, ukiipika nzito ukaimwaga kwenye trei, inaganda ikawa laini kama shavu la mtoto. Ukilaza jani juu yake, inakunywa mpaka mishipa ya jani. Kila watu wawili wakatengeneze trei yao nyumbani, waje nayo Jumamosi. Chapa itakayotoka bora itatundikwa ukutani siku wazazi watakapoalikwa.

Mimi ndiye ninayepita mjini nikienda Carama, kwa hiyo kununua kukawa kwangu. Rafiki yangu akapaza sauti toka upande wa pili wa gereji, huku anaosha rola:

"Ununue ya ng'ombe, eh! Usome vizuri nyuma ya pakiti. Si we ndiye unasomaka kimya-kimya?"

Wakacheka tena. Hata Madamu alitabasamu.

Dukani jelatini inakaa karibu na sukari ya keki. Ile ya unga, ya ng'ombe, ilikuwa imekwisha; nafasi yake ilikuwa tupu. Iliyobaki ilikuwa ya vipande, bapa na vinavyong'aa, kama madirisha ya nyumba ya mwanasesere. Niligeuza pakiti. Nyuma, kwa herufi ndogo za Kifaransa, iliandikwa kwamba ni ya nguruwe.

Nilisimama pale muda mrefu, mpaka mlinzi akaja kunizunguka. Jibu lilikuwa rahisi. Ningesema imekosekana, tungechapa kwa kioo, na dunia ingeendelea. Lakini masikioni nilisikia ile sauti ya mbuzi. Nikaona yale mabega yaliyomeza shingo. Na nikasikia utamu, naandika ukweli, utamu ule wa kukuna kidonda mpaka kitoe damu. Nikalipa. Kwenye kituo cha basi nikatoa vipande kwenye pakiti, nikavitia katika mfuko wa karatasi wa khaki, na pakiti nikaisukuma mtaroni kwa mguu. Nilijiambia: ni kitu cha kuchapia, si cha kula. Nani atakufa?

Jumapili nilikwenda Kibenga. Bibi alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo, miwani imemshuka puani.

"Karibu mwanangu. Mbona umekonda? Kwenu hamli?"

"Tunakula, Bibi."

"Mnakula nini, hewa ya Carama? Ingia, ingia. Huyo mwenzio yuko jikoni ananivunjia vyombo."

Kweli rafiki yangu alikuwa anatafuta sufuria, na kila aliyoishika ilikuwa ndogo. Bibi akaja akamnyang'anya, akafungua kabati la chini, akatoa sufuria kubwa, nzito, inayong'aa kama kioo.

"Bibi! Hiyo si ya pilau ya Idi? Hiyo ni ya wageni!"

"Na huyu si mgeni?" akasema Bibi, akanisukumia.

Tuliloweka vipande kwenye maji baridi vikalegea kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini. Tukavitia kwenye sufuria, moto mdogo. Vikayeyuka mara moja, pakabaki kitu cha maji maji, cha manjano hafifu, chenye harufu ambayo mimi peke yangu niliijua jina lake. Rafiki yangu alikoroga kwa mwiko wao wa siku zote huku anaongea: kuhusu majani tutakayochuma, kuhusu uzi atakaoufumua kwenye mtandio wake wa zamani, kuhusu kijana mrefu na meno yake.

Bibi akachungulia. "Mnapika gundi?"

"Jelatini, Bibi. Ya kuchapia picha."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe. Amenunua yeye. Mi namuamini huyu kuliko Madamu mwenyewe."

Sikuinua macho. Nilisikia Bibi anasema bismillahi. Nilipotazama, alikuwa amekwisha chovya ncha ya kidole kwenye mwiko, anakipeleka mdomoni, kama anavyoonja kila kitu kinachopikwa nyumba hiyo, hata dawa ya mtu mwingine.

Mdomo wangu ulifunguka. Hewa ikatoka. Kidole kilikuwa bado hakijafika.

"Ni moto, Bibi," nikasema.

Hilo ndilo nililosema. Maneno matatu, na yote yalitoka vizuri, bila kukwama.

"Mtazame mtoto mwenye huruma," Bibi akasema. Akapuliza kidole. Akalamba. "Haina hata chumvi, jamani! Hiki ndicho wanachokula Wazungu?"

Rafiki yangu alicheka mpaka akashika meza. Tulimwaga kwenye trei, tukaitia friji. Bibi akanipa chai ya maziwa na katlesi nne. Nilikula zote nne.

Jumamosi tulifika Mutanga Sud mapema, trei ndani ya sanduku la barafu, kwa sababu jelatini haiwezi joto la hapa. Saa nne ikishapita inaanza kutoa jasho na kingo zinayeyuka. Tulijaribu kila kitu. Jani la muhogo. Jani la mpapai, likawa kubwa mno likaifunika trei yote. Karatasi zilizokatwa duara. Rangi ya kwanza ilikauka kabla hatujavuta. Madamu akatuonyesha kuongeza tone la gliserini, ile ya kupaka mwilini, ikakaa mbichi. Kisha tukapaka buluu, rafiki yangu akatandaza ule uzi wa mtandio, ukajikunja wenyewe kama njia ya mtu aliyepotea, nami nikalaza majani mawili ya muhogo juu yake. Tukavuta chapa ya kwanza: majani yalitoka meupe, kivuli tupu. Tukaondoa majani na uzi, tukaweka karatasi ya pili kuchukua mabaki.

Mzimu ulitoka bora kuliko chapa yenyewe. Kila mshipa ulikuwepo. Uzi ulikuwa umechapika mpaka manyoya yake. Rafiki yangu alinipiga bega kwa mkono wa buluu, alama ikabaki kwenye blauzi yangu.

"Ona! Ona tulichofanya, mi na we!"

Madamu aliiinua juu kila mtu aone. Akasema hii ndiyo itakwenda ukutani. Akamuuliza rafiki yangu tuliipikaje, naye akaeleza yote, toka kuloweka mpaka sufuria ya Idi, mpaka bibi yake kuonja na kutafuta chumvi. Gereji nzima ikacheka, kicheko kizuri.

"Mlitumia ya unga?" Madamu akauliza.

"Ya vipande, Madamu."

"Ah." Madamu akasita. Hakuwa na nia mbaya. "Ile ya vipande niliyoiona mimi mjini ni ya nguruwe."

Rafiki yangu akacheka peke yake.

"Apana, Madamu. Yetu ni ya ng'ombe. Yeye ndiye alinunua, alisoma." Akanigeukia. "Mwambie."

Nikatazama trei.

"Mwambie, basi. Sema!"

Nikasema.

"Ni ya nguruwe. Iliandikwa nyuma ya pakiti."

Sauti yangu ilikuwa kubwa na safi. Haikutetemeka. Ilifika mpaka mlangoni, na mimi mwenyewe niliisikia nikaistaajabia kama sauti ya mtu wa redio.

"Kumbe Bubu anasemaka!" kijana mrefu akapiga kelele. Kisha akakoroma puani kama nguruwe, mara mbili. Wengine waliziba midomo. Halafu hawakuziba tena.

Rafiki yangu aliitazama mikono yake, ya buluu mpaka viwikoni.

"Ulijua saa ngapi?"

"Dukani."

"Kabla ya Bibi?"

"Kabla."

Hakulia. Ningependelea alie. Alifuta mikono kwenye sketi, halafu ukutani, halafu tena kwenye sketi. Madamu alikuwa anasema basi, basi, maji yapo, sabuni ipo. Rafiki yangu akachukua sakoshi yake ya begani akatoka bila kunawa. Pale ukutani palibaki vidole vitano.

Tulipokuwa tunasafisha, Madamu akaniuliza polepole kama chapa ile itundikwe bado. Nikasema ndiyo.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri kwangu. Najua haifai kusema hivyo. Watu walinisalimia. Kijana mrefu alihamia benchi langu, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amehamia mbele, karibu na dirisha, peke yake. Jina la Bubu likafa. Kila alipopita yeye uwanjani kulikuwa na mtu wa kukoroma, na wote walinitazama kuona nitafanya nini. Neno moja langu lingewanyamazisha. Nilikuwa nalo, tena safari hii halikukwama kooni. Nililiweka. Siku moja nilicheka nao, na yeye akageuka, akaona meno yangu.

Kilichonisumbua hakikuwa yeye. Ni ule ulimi wa Bibi. Nikila, ninauona. Nikifumba macho kanisani, ninauona. Nikajipa moyo kwamba nikienda nikamwambia Bibi mwenyewe, kwa mdomo wangu, atanikatiza kama kawaida yake, atanigombeza, atasukuma sahani, na nitaingia tena nyumba ile. Nilifanya mazoezi njia nzima toka Carama. Bibi, nimekuja kukuomba msamaha. Bibi, nilikukosea.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilibisha geti lile. Alifungua rafiki yangu, kwa upana wa uso wake tu.

"Unatafuta nini?"

"Nimekuja kumwambia Bibi."

"Kumwambia nini?"

"Yote. Nimuombe msamaha."

Alitoka akasimama nje, akavuta geti nyuma yake.

"Bibi hajui," akasema.

Sikuelewa.

"Hajui kitu. Siku ile nilirudi nikachukua ile sufuria, nikaipeleka nyuma ya nyumba. Nimeiosha mara saba. Mara moja kwa udongo, mara sita kwa maji. Mwiko nimeuchoma. Bibi akaniuliza mbona sufuria imechubuka, nikamwambia niliunguza maziwa. Amenigombeza siku tatu, eti mtoto wa kike asiyejua kutunza chombo cha watu. Nikasema samahani, Bibi." Alikuwa anasema polepole. Yeye, ambaye hasemagi polepole. "Halafu nilimuuliza shehe, bila kutaja mtu. Akanijibu asiyejua hana dhambi. Nikamuuliza, na yule aliyejua? Akasema, ni mwenzetu? Nikasema apana. Akasema, basi huyo muachie Mungu."

"Basi acha nimwambie mimi..."

"Ili iweje? We upumue, yeye akose kula? Ana miaka karibu themanini. Kila kitu kwake ni usafi. Ukimwambia atakaa na hicho kitu mdomoni mpaka kaburini." Akanisogelea. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. "Ulikuwa na nafasi ya kusema. Kidole kilikuwa hapa. We ukasema ni moto. Sasa nyamaza. Unyamaze mpaka afe, na akishakufa uendelee kunyamaza."

"Mi nilikuwa na hasira. Ulinicheka mbele ya..."

"Nilikucheka," akasema. "Ndiyo. Ungenicheka na mimi."

Ndani, barazani, tulisikia ungo ukiwekwa chini.

"Nani huyo getini?" Bibi aliuliza. "Ni yule mwenzio wa Carama? Siku nyingi huyo! Mwambie aingie, chai iko motoni."

Rafiki yangu alinitazama machoni. Alikuwa ananingoja. Nafikiri alinipa muda wa kutosha kabisa. Ningeweza kumwita Bibi akanisikia, geti lilikuwa wazi kidogo. Nilikuwa na maneno yote niliyoyafanyia mazoezi. Na ndani yangu, chini ya aibu, nilisikia kitu kinashuka taratibu kama mzigo unaotuliwa: sitalazimika kusema.

"Apana, Bibi," akapaza sauti. Hakuacha kunitazama. "Hakuna mtu."

"Basi funga, mjukuu wangu. Vumbi linaingia."

Akaingia, akafunga.